Neno Lililokwama Kooni

Mwezi mzima binti wa fundi cherehani alikuwa amemeza neno moja. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, lakini mama yake alishautangazia mtaa mzima kwamba binti ndiye atakayerithi duka. Asubuhi moja, akishona upindo wa gauni la mteja, alishindwa kujizuia.

"Mama, cherehani siiwezi. Nataka kuwa muuguzi."

Mguu wa mama uliganda juu ya pedali. Kisha akashusha pumzi ndefu, akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Mwanangu, mgongo umenichosha, natamani kulifunga duka hata leo! Nilijizuia kusema nisije nikakuvunja moyo."

Binti akamkumbatia, analia huku anacheka, mwili mwepesi kama aliyetua ndoo kichwani.