Mtoto Amekaa

Nyumbani kwa Lalla Rkia, mjini Sefrou, nchini Moroko, uamuzi ulikuwa umekwisha kupita: Ghita atapasuliwa tena. Hakuna aliyeitisha kikao. Neno lilianzia jikoni, likaingia sebuleni, hata majirani nao wakawa wanalijua.

"Aliyeumbwa mwembamba ni mwembamba," Lalla Rkia aliwaambia huku akipepeta semolina ya kuskusi. "Nyonga si mkanda wa suruali, useme utalegeza tundu moja."

Ghita, mke wa mwanawe Abdelhak, alikuwa akisikia yote. Mimba yake ya pili ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Ya kwanza, ya Ilyas, iliishia mezani kwa daktari, na kisu kile alikwisha kukisamehe, maana kilimletea mwana mzima. Kilichomkaa rohoni ni lile neno, mwembamba. Kila alipolisikia alijiona kama mlango uliojengwa vibaya. Usiku wa Alhamisi alisali istikhara, akamwomba Mungu amfungulie lililo la kheri. Na kama kheri yenyewe ni kisu, basi ampe moyo wa kukipokea. Alipoamka hakuwa ameota chochote. Alikuwa na hamu moja tu: aende akamuulize mkunga.

"Nitakusindikiza," Lalla Rkia alisema akivaa jellaba, joho lake la kutokea. "Wewe ukiambiwa jambo unaitikia tu naam, naam. Mtu wa kuuliza ni mimi."

Mkunga wa kituo cha afya aliitwa Touria, mwanamke mnene mwenye mikono ya joto. Alimlaza Ghita, akampapasa tumbo taratibu, kisha akauliza, "Mara ya kwanza ilikuwaje hata ukapasuliwa?"

Ghita alifungua kinywa, lakini mama mkwe alikwisha kumtangulia.

"Mtoto alikaa. Daktari mwenyewe alitoka akatuambia pale mlangoni: mtoto amekaa. Nikajua papo hapo. Njia finyu, mtoto kafika katikati, kakaa, hatoki. Uliza ukoo wao wote, wembamba kama mafagio."

Touria alimgeukia Ghita. "Ulisukuma sana, binti yangu?"

"Sikusukuma hata kidogo. Uchungu ulikuwa haujakolea. Walinipima, wakaitana, wakanipeleka."

"Ahaa." Mkunga akageuka. "Lalla, hebu nioneshe. Mtoto alikaa vipi?"

"Vipi tena? Alikaa. Kama mimi hapa nilivyokaa kwenye kiti chako hiki kinachonitoboa."

"Vizuri. Sasa tuseme kiti hakipo, na unashuka chini hivyo hivyo ulivyo. Kitatangulia nini?"

Lalla Rkia alijitazama. Alitazama mapaja yake, akatazama kiti.

"Makalio," alisema.

"Basi Ilyas alikuwa hivyo. Kichwa juu, makalio chini. Hakukaa kwa kukwama, Lalla, alikuwa ameketi. Daktari hakutaka kumtoa kinyumenyume, akapasua. Lakini sitaki kubahatisha. Ngoja nipige simu hospitali."

Alizungumza chumba cha pili, mlango ukiwa wazi nusu. Ghita alisoma Alhamdu mara hata hesabu ikampotea. Touria aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Ni hivyo hivyo. Alitanguliza makalio. Na mkato wa ndani ni wa kulala, sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, kwa hiyo unaweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida. Ungekuwa wa kusimama ningekushauri vingine."

"Na nyonga zangu?" Ghita aliuliza.

"Nyonga zako hakuna aliyewahi kuzijaribu."

Ghita alianza kucheka, kumbe analia. Miaka mitatu alikuwa amebeba neno lisilo lake, naye alilibeba kwa adabu kama mzigo wa mgeni.

"Usilie, bado sijamaliza kukutisha," Touria alisema, akamshika kiganja. "Lile kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu. Ni mara chache, ila likiachia hakuna kungoja. Kwa hiyo huzalii nyumbani, wala hapa kwangu. Utazalia hospitali kubwa ya Fes, penye daktari wa upasuaji, na moyo wa mtoto watausikiliza muda wote. Uchungu ukianza tu, toka. Ukiona damu, au maumivu ya kovu yasiyotulia, toka mbio. Na wakisema sasa ni kisu, basi ni kisu, na si aibu ya mtu."

"Huyu wa sasa je?" Lalla Rkia alidakia. "Naye amekaa?"

"Kichwa kiko chini. Hiki hapa."

"Una hakika si makalio?"

"Makalio hayawi magumu hivi, Lalla."

"Ya Abdelhak yalikuwa."

Mwezi wa tisa ulipotimia, uchungu ulimshika Ghita asubuhi moja akianika nguo. Aliacha nguo ndani ya beseni. Abdelhak aliendesha gari mpaka Fes, midomo ikicheza kwa dua, na Touria alikuwa kiti cha nyuma akimsugua Ghita mgongo. Mchana daktari aliingia, akatazama, akasema njia inafunguka polepole mno. Wakasikiliza moyo wa mtoto. Ulikuwa ukipiga vizuri. Kovu halikuwa likiuma. "Tumpe nafasi," daktari akasema, na Touria akamsimamisha Ghita, akamwambia amwegemee yeye, atembee, apumue, amtaje Mola wake apendavyo. Ghita alimtaja kwa sauti ambayo hakujua anayo.

Jua likiwa linaelekea kushuka, alisukuma. Mtoto wa kike alitoka, kichwa kwanza, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa.

Lalla Rkia aliporuhusiwa kuingia alisimama miguuni pa kitanda, tasbihi mkononi, asijue aanzie wapi.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "ulimi wangu umekusema vibaya."

"Mungu atusamehe sote, Mama."

"Amina. Unaumwa wapi?"

Ghita alijisikiliza, toka kichwani mpaka miguuni.

"Nina njaa," alisema. "Njaa kali."

Bibi akaanza kuvaa viatu, akiuliza chumba kizima ni wapi Fes mtu hupata kuku wa kienyeji saa hizi.