Kibao Kilichosimama Wima

Kibao kilikuwa kimesimama wima, mguu wake umeshindiliwa mawe, na nguzo imenasa manyoya mekundu ya ng'ombe. Punda walisimama wenyewe, kana kwamba wananisubiri nisome. Nikasoma. Mimi niliishia shule ya msingi. Nasoma polepole, kama mtu anayechambua mtama wenye changarawe. Mbao tatu, majina matatu. Ubao ulioelekea nyuma yangu, kwenye njia niliyoishika tangu alfajiri, uliandikwa Phiring.

Mimi sikutoka Phiring. Hakuna mtu anayetoka Phiring. Ni kisima kilichokauka kabla sijaolewa, huko ndani kabisa mchangani, na hata fisi waliokipa jina wamekihama.

Nilishuka kwenye mkokoteni. Upepo ulikuwa umefagia njia zote tatu, zikawa safi kama uwanja wa msiba uliokwisha. Kijiji chetu ni Motlhwareng, nami nilikuwa nimekipa mgongo. Lakini jina la Motlhwareng lilikuwa mbele yangu, upande wa kulia, likinionyesha mahali ambapo sijapata kuishi.

Nayaandika haya kwa mama yeyote anayemfungulia mwanawe lango na kumwambia, nenda, njia ina vibao.

Jioni ya mwisho Gaone alikuwa amechuchumaa jikoni, anasonga ugali wa mtama, moshi unamtoa machozi huku anacheka. Alikuwa ametoka chuo cha ualimu, kichwa kimejaa mambo ya kuwapa watoto wa watu.

"Kitendawili, Mama."

"Tega."

"Msafiri kafika njia panda asiyoijua. Kibao kimeanguka, kimelala chini na majina yake yote. Hakuna mtu wa kuuliza. Atajuaje njia ya kule aendako?"

"Akae chini alie mpaka apite mtu."

"Huyo si msafiri, huyo ni wewe!"

"Basi afuate jua."

"Hajui kama aendako ni machweo au mawio."

"Afuate mavi ya ng'ombe. Penye mavi pana watu."

Alicheka hadi mwiko ukamponyoka. "Umeshindwa. Nipe mji."

"Sikupi. Kulala na njaa ya jibu hakujaua mtu."

"Haya. Jibu lako utalipata nikirudi kutoka kwa mjomba."

Wiki ile walikuwa wamekuja watu kumposa. Kwetu posa haijibiwi mjomba hajaketi, na mjomba haitwi kwa salamu za kupitisha. Aliyetumwa humwendea, akaketi, akamwambia mdomo kwa sikio. Mwaka ule wa ukame kaka yangu alikuwa amehamishia ng'ombe wake Sekgweng, kwenye kisima kipya ambacho si mimi wala Gaone aliyepata kukiona. Mwanamume wa kutuma hatukuwa naye. Baba yake Gaone alikwenda migodini Johanesibagi akarudi ndani ya sanduku. Gaone akaazima pikapu ya binamu yake, akasema atakwenda mwenyewe.

Jirani yetu, Mzee Motlhabani, alimwona akitia maji kwenye rejeta, akaegemea ua.

"Dunia imekwisha! Bibi harusi anakwenda kujitangaza mwenyewe! Kesho utajilipia na mahari?"

"Nikikosa mume nitakuja kwako, babu."

"Njoo. Lakini meno sina, nyama utanitafunia wewe."

Gaone aliondoka huku anacheka. Vumbi lake lilikaa hewani muda mrefu, nami nikakaa nalo.

Siku aliyosema atarudi ilipita, na nyingine ikaja juu yake. Kisimani wanawake walinicheka. Mjomba wake kamchinjia mbuzi, walisema, mwache ale. "Ungekuwa kuku, Mama Gaone, ungeatamia hata mawe." Nami nilicheka nao. Kisha nilirudi kwenye nyumba yenye bakuli moja lililotumika, nikaona kicheko changu kimebaki kule kisimani. Mwenye mtoto mmoja hana wa kumgawia wasiwasi wake.

Mzee Motlhabani alinipa punda, mkokoteni na pipa la maji, nimfuate. Alinifungia kamba yeye mwenyewe.

"Hutapotea," alisema. "Kile kibao cha njia panda ng'ombe walikuwa wamekiangusha kwa kujikuna. Nilikisimamisha kabla ya Gaone kuondoka. Kimenyooka kuliko kilivyokuwa mwanzo!"

Nilimshukuru. Kwetu kukipita kibao kilichoanguka ni sawa na kumpita mtu aliyeanguka.

Basi pale njia panda, mbele ya kibao kilichonyooka, kitendawili kilijijibu chenyewe. Nilifumba macho nikakizungusha kibao kichwani, taratibu, mpaka jina la Motlhwareng likaelekea nilikotoka. Mahali pekee msafiri anapopajua kwa hakika ni kule alikotoka. Ukilielekeza jina la kwenu kwenu, majina mengine yote hurudi kwenye njia zake. Sekgweng ilihamia kulia. Na ile njia ya kushoto, ambayo kibao kilidai ni ya Sekgweng, ikabaki haina jina jingine ila Phiring.

Nilikuwa na jibu. Sikuwa na mtu wa kumpa.

Ningeweza kushika njia ya kweli, nimfikie kaka yangu, niwapate wanaume na gari. Ningeweza kujidanganya kwamba Gaone yuko kule, anakula mbuzi. Lakini nilimjua mwanangu. Yeye akisoma, ameamini. Nikawageuza punda kushoto.

Huko ndiko nilikojua upweke una sauti: ni maji yakigonga ubavu wa pipa, hakuna kingine. Nilimwita jina lake mpaka koo likakauka, halafu nikaliita kimoyomoyo. Jua lilipoanza kulegea niliona pikapu imezama mchangani hadi tumboni, mlango wazi, rejeta imefunguliwa kifuniko. Nyayo zilitoka pale kama za mtu mwenye haraka. Mbele zaidi zikawa za mtu anayeburuta miguu.

Alikuwa chini ya mti wenye kivuli kisichozidi mkeka, amejifukia mchanga mpaka kiunoni kutafuta ubaridi. Macho yalikuwa wazi. Hayakunijua.

Sikumpa kikombe. Nililowesha ncha ya kitenge nikamminyia midomoni, tone, halafu tone, huku moyo wangu ukinipigia kelele nimwagie pipa zima. Nyota zilikwisha kutoka alipozungumza.

"Kibao kilisema Sekgweng."

"Najua, mwanangu."

"Niliona jina, nikakata kona. Sikutazama mengine."

Nilimlaza kwenye mkokoteni, nikatembea kando yake usiku kucha, mkono wangu juu ya kifua chake nisikie kama bado kinapanda.

Mzee Motlhabani alipokuja na maziwa ya mgando kumwona mgonjwa, nilimweleza majina ya kibao yalivyoelekea siko. Aliweka kibuyu chini. Nikamhurumia.

"Njia ile naijua kwa miguu," alisema. "Maisha yangu yote sijakitazama kile kibao. Mimi niliona kitu kimelala, nikakiinua."

Ndilo hilo ninalowaambia. Kibao kilicholala hakimpotezi mtu, maana kila mtu anaona kimelala. Ogopeni kilichosimama. Huenda kiliinuliwa na mtu mwema asiyekihitaji. Mfundisheni mtoto asome jina la kule anakokwenda, halafu ageuke, asome na la kule alikotoka.

Mimi nilimfundisha Gaone hivyo kwa miezi yote aliyokuwa kitandani. Nilimwambia asubuhi, nikamwambia jioni. Hakikisha mwenyewe, mwanangu. Usichukue neno la mtu.

Alipona. Posa ilijibiwa, kaka yangu akiwa ameketi. Sasa Gaone anafundisha mjini, ana watoto, na nyumba yake ina vigae vinavyong'aa. Majira ya baridi mimi huenda kukaa naye, maana nyumbani kwangu hakuna tena wa kuota naye moto.

Juzi nilimwandalia chai akiwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake.

"Nimeshatia sukari," nikamwambia.

Alinitazama kwa upendo, simnyimi haki yake. Akachovya ncha ya kijiko, akaonja. Ndipo akanywa.