Shokapu Zilizokunywa Maji

Hivi wewe, umewahi kuona kitu kikifa kwa kupendwa? Mimi nimekiona, na hakikuwa mtu wala paka. Kilikuwa baiskeli.

Ilikuwa ya mjukuu wangu, baiskeli ya milimani, ya kijani, matairi yana meno kama msumeno. Mbele ilikuwa na shokapu, ile miguu miwili inayoshika gurudumu. Ukipita juu ya jiwe inazama na kuinuka, mikono isipate kishindo. Mjukuu tulimwita Kishada kwa sababu chini hakai. Alikuwa akishuka nayo mlima ulio nyuma ya machimbo ya kokoto, na Jumamosi ile klabu yao ilikuwa inachagua timu. Timu hiyo aliiota hata akiwa macho.

Baba yake, mwanangu wa kwanza, anaosha magari. Watu wanamwita Povu. Jumamosi ndiyo magari yanapojaa, kwa hiyo hajawahi kumwona bintiye akishindana. Lakini kila baada ya mazoezi aliichukua baiskeli, akaisimamisha kwenye saruji pale kazini, akawasha ile mashine inayorusha maji kwa nguvu. Alianza na matairi, akaja kwenye mnyororo, kisha akaelekeza mdomo wa bomba pale shokapu zinapozama, maana tope hupenda kujificha hapo. Akamalizia na kitambaa chake laini cha manjano. Ilirudi nyumbani inang'aa, ungeweza kujitazama ukachana nywele.

"Fundi kasema ifutwe tu na kitambaa kibichi," Kishada alimwambia siku moja. "Na shokapu zifunguliwe, zibadilishwe mafuta."

"Malori yanaoga hapa na yanatoka salama," Povu akacheka. "Ije kuwa hiki kijibaiskeli? Kinachong'aa hakiumwi, mwanangu."

Kishada akamwachia baiskeli. Baba ni baba.

Ijumaa mchana alirudi akiisukuma. Shokapu zilikuwa zimezama, hazitaki kuinuka. Nilizikandamiza kwa viganja vyangu, zikawa ngumu kama mchi. Povu alipofika tukaongozana wote watatu kwa fundi, mama mmoja jirani yetu, ukuta kwa ukuta.

"Leo mmeniletea bibi harusi!" alisema alipouona ule mng'aro. Lakini alipolegeza nati za chini, utani ukamwishia. Badala ya mafuta yalitoka maji ya kahawia, yananuka kama chombo cha maua yaliyosahauliwa. Akang'oa raba nyembamba iliyokuwa shingoni mwa shokapu, akatuonyesha.

"Hii kazi yake kuzuia mafuta yasitoke na vumbi lisiingie. Lakini haiwezi kuzuia mashine yako, shemeji. Umekuwa ukiyasukumia maji ndani."

"Basi tia raba nyingine," Povu akasema.

"Raba ninayo. Tazama bomba hili la shokapu." Lilikuwa limeliwa na kutu, lina mikwaruzo mirefu. "Hili litaikata raba mpya kabla mtoto hajafika chini ya mlima."

"Lisugue."

"Ukilisugua ndiyo unalimaliza."

"Jaza mafuta mengi, basi!"

"Yamwagike kwenye breki? Unataka ashuke bila breki?" Fundi akaweka spana chini. "Bomba la aina hii sina, na likiagizwa leo halifiki kesho."

Povu akazunguka meza, akarudi alikotoka. Akachungulia makopo ya misumari, akafungua droo isiyo yake, akaifunga. Mwishowe akatoa kile kitambaa cha manjano mfukoni, akaanza kulifuta lile bomba, polepole, kutoka juu hadi chini, kama anamfuta mtoto jasho la homa. Hakuna aliyemzuia. Mimi mama yake nikamshikia baiskeli isiteleze.

"Nitaiosha kwa mkono," alisema bila kuinua uso. "Kuanzia sasa, kwa kitambaa tu. Itang'aa vilevile, utaona."

Kishada alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, kofia yake ya kuendeshea mapajani. Alimtazama baba yake akifuta, akifuta.

"Baba, wala sikutaka ing'ae," alisema. "Nilitaka uje unione nikishuka."