Marehemu Hana Barua ya Kuhamia

Alasiri hiyo Mchungaji alikuwa maktabani, akipaka gundi mgongo wa kitabu cha nyimbo ambacho mtu mmoja asiye na haya alikuwa amekikalia. Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kisima cha ubatizo, na ukuta wa upande huo haukukauka hata jua liwake vipi. Yeye alikuwa mchungaji, mkutubi na mtafiti wa nyimbo za kanisa. Kazi tatu hizo, na asante ya hata moja hakuwahi kuisikia. Mama Sauti akapiga hodi.

Mama Sauti alikuwa amekufa siku nyingi. Mchungaji alimtambua kwa picha ya zamani ya kwaya, yule wa mwisho kushoto, aliyekatwa nusu na ukingo. Akamvutia kiti, akampa kitambaa afute udongo mikononi kabla hajagusa vitabu.

"Ukweli umeshaujua, mwanangu," Mama Sauti akasema huku akijifuta. "Sasa unangoja nini?"

Ukweli ni huu. Ule wimbo ambao kanisa zima huuimba makaburini, ule unaowaliza hata waliokuja kula tu, ulitungwa na Mama Sauti. Kitabuni, chini yake, limeandikwa jina la shemasi mkuu wa enzi hizo, mtu ambaye hakuweza kushika noti hata ungemfunga nayo kwa kamba. Mama alipodai wimbo wake, walimtenga na ushirika kwa kosa la kuvuruga umoja. Alipokufa walimzika nje ya uzio wa makaburi, bila kumwimbia. Mchungaji alikuwa amelinganisha matoleo yote ya kitabu, amewasikiliza vikongwe wakiimba, mpaka hakubaki na shaka. Kisha akafunga kabati na mdomo. Mtoto wa yule shemasi ndiye Mwenyekiti wa mashemasi sasa, na nyumba anayolala Mchungaji ni ya kanisa.

"Unataka jina lako litiwe kitabuni?" aliuliza.

"Jina baadaye. Nirudisheni ushirikani, kisha mje mniimbie. Mlinifukia kama mbwa."

Nyumbani mkewe alisonya. "Wewe na marehemu wako! Tukitupiwa vyombo nje, huyo mama atatupangisha huko kwake?"

Wabaptisti hawana askofu wa kuwaamulia. Kila jambo hupigiwa kura, kuanzia rangi ya mapazia hadi nani ni ndugu na nani si ndugu. Basi Jumapili, baada ya ibada, washiriki wakabaki kikaoni, na Mchungaji akatoa hoja yake kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Mama Sauti alikuwa benchi la nyuma. Wazee waliomtenga wakamsalimia.

"Za siku nyingi, mama?"

"Nzuri. Tupo tu huko chini."

Mwenyekiti akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mimi sina chuki na marehemu. Lakini utaratibu ni utaratibu. Mtu akija kwetu kutoka kwingine, huleta barua ya kuhamia. Mama, barua iko wapi?"

"Nilikotoka hakuna ofisi."

"Mnaona!" Mwenyekiti akasema, na vichwa vikatikisika kukubali.

Mmoja akapendekeza abatizwe upya. Mwingine akauliza, mtu asiye na pumzi utajuaje kama amezama vya kutosha? Walibishana hapo mpaka watoto wakalala kwenye mabenchi. Mwishowe Mwenyekiti akasema ubatizo hutanguliwa na toba, kwa hiyo mama atubu kwanza.

"Nitubu nini?"

"Kusema wimbo ni wako."

"Wimbo ni wangu," alisema Mama Sauti.

Ikapigwa kura. Wanaokataa walinyoosha mikono hadi ukumbi ukawa msitu. Wanaokubali walipoitwa, mkono wa Mchungaji ulifika begani, ukaghairi, ukakuna sikio. Aibu ilimshika hadi masikio yakawaka, lakini mkono haukupanda tena.

Kisha kikao, kwa kauli moja, kikaamua kwamba Mama Sauti, maadamu yupo, awafundishe waimbaji wa sauti ya kwanza, wanaokosea ubeti wa tatu kila mara. Afundishie nje ya dirisha, kwa kuwa asiye mshiriki hasimami mbele. Mama aliwatazama wote kwa dharau. Akakubali, kwa sababu ubeti ule walikuwa wanauua na yeye hakuweza kuvumilia. Kila Jumamosi alisimama dirishani, mvua au jua, akiwatukana kwa ufundi. Kwaya haijawahi kuimba vizuri vile.

Kabla mwaka haujaisha, Mwenyekiti akafa. Makaburini watu walijaa hadi kwenye uzio, na ng'ambo ya uzio Mama Sauti alikuwa amesimama karibu na tuta lake. Katika kanisa hilo wimbo hautajwi bila mtunzi wake. Desturi hiyo Mchungaji mwenyewe ndiye aliyeileta, na aliipigania. Akafungua kitabu. Akautaja wimbo ule wa makaburini. Kisha kidole chake kikasimama juu ya jina la mtunzi.

Mkewe alimkazia macho. Mashemasi walimkazia macho. Ng'ambo, Mama Sauti alimtazama bila kupepesa, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba.

Mchungaji akalisoma jina la shemasi yule wa kitabuni, lote, pamoja na cheo.

"Mwoga mkubwa wewe," alisema Mama Sauti, akatema mate chini.

Waimbaji walikuwa wanangoja kupewa sauti ya kuanzia, na Mchungaji bado alikuwa ameinamia kitabu. Mama Sauti ndiye aliyewapa. Wakaimba beti zote bila kukosea hata mahali pamoja, na Mwenyekiti akashushwa kaburini akiimbiwa. Walipomaliza walipangusa viatu, wakatoka kwa lango la upande wa pili, mbali na tuta la Mama Sauti.