Plagi Iliyoingia kwa Nguvu

Ukweni walimwita Injinia, ingawa kazi yake ilikuwa kuuza printa na wino. Jina alilipenda, na hakulikana hata siku moja. Kwa hiyo mama mkwe alipotaka kompyuta yake ya zamani ifufuliwe, hakuna aliyefikiria kutafuta fundi mwingine.

Mama mkwe alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili, na alipostaafu waliiacha mashine hiyo iondoke naye. Ndani ya diski yake mlikuwa na hadithi alizowatungia wanawe walipokuwa wadogo, akizichapa wenzake walipotoka kwenda kula mchana. Sasa alitaka wajukuu wazisome.

Injinia aliifungua sebuleni, familia nzima imemzunguka. Alipobonyeza swichi, feni ilizunguka na taa ikawaka, ila diski ilikaa kimya, haina mlio wala mtetemo.

"Haipati umeme," alisema kwa sauti ya daktari bingwa.

Akachomoa plagi ya umeme ya diski, akaipuliza vumbi, akairudisha. Ikakataa kuingia. Kaka wa mkewe akauliza, "Au umeigeuza?"

"Shemeji, niachie kazi yangu." Akaisukuma kwa nguvu mpaka ikaingia, akawasha.

Pa! Harufu ya kuungua ikatanda, mashine nzima ikazima.

Alijua papo hapo. Plagi ile imekatwa pembe mbili makusudi ili isiingie kinyume, naye ameilazimisha. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na mdomo ukamtangulia:

"Pole, mama. Diski hii ilishakufa zamani."

Mama mkwe aliinamisha kichwa kidogo, kisha akajikaza kutabasamu. "Basi, mwanangu. Nimekusumbua bure siku yako ya mapumziko." Akaenda kumletea chai na kipande cha keki, kikubwa kuliko vya wengine. Injinia alikimeza kama anameza mchanga. Laiti angemtukana.

Aliondoka na mashine, eti akaitupe. Nyumbani aliiweka juu ya meza ya jikoni. Diski ikichomolewa, mashine inawaka; ikichomekwa, inazima. Shoti. Akashika mita, akapima saketi ya diski sehemu baada ya sehemu, hadi akafika kwenye kidude cheusi, kidogo kama punje ya mchele, kimepasuka mgongoni. Kazi ya kidude kile ni kujitoa mhanga: umeme ukizidi, chenyewe kinaungua ili vingine vipone. Akayeyusha risasi iliyokigandisha kwenye saketi, akakitoa. Kisha akachomeka plagi upande wake, akaishindilia hadi mwisho.

Diski ikavuma.

Hapo ndipo aibu ilipomshika hasa. Kumbe tangu mwanzo plagi ilikuwa imelegea tu.

Mkewe alishangilia, akampigia mama yake simu kabla mumewe hajaweza kumzuia. Walipofika ukweni siku iliyofuata, mama mkwe alikuwa ameshawatangazia majirani. "Injinia wangu huyu! Amefufua maiti!"

Injinia alisimama mlangoni, mashine mikononi. "Mama, haikuwa maiti. Mimi ndiye niliyeiunguza. Niligeuza plagi, halafu nikakudanganya."

Shemeji akakohoa, akatazama dari. Mama mkwe hakucheka.

"Nililia mlipoondoka," alisema. "Nilikuomba radhi, nawe ukakaa hapo unakunywa chai yangu."

"Ndiyo, mama."

"Iweke mezani."

Akaiwasha. Mama mkwe akavaa miwani, akafungua hadithi moja baada ya nyingine. Nyingi zilifunguka. Chache zilitoa herufi za ovyo, na mojawapo ni ile aliyomtungia kifungua mimba wake.

"Na hizi?" aliuliza bila kumgeukia. "Nazo umeziunguza wewe?"

"Sijui, mama. Huenda."

Mama mkwe akavuta kiti, akaanza kuichapa upya ile hadithi, akiikumbuka neno kwa neno, na hapa na pale akisita. Injinia alibaki amesimama nyuma yake, hajui kama anaruhusiwa kukaa.