Koti la Njano la Mampouya

Anatole Mampouya alikuwa mtu wa sapa, ule ustadi wa wanaume kuvaa kifahari, na mtaa mzima wa Bacongo ulizijua nguo zake kabla ya kumjua yeye. Ujanani alivaa koti la njano lililotoka Paris, suruali nyekundu na viatu vyeupe, akapita barabarani kwa madaha mpaka wauza mihogo wakasahau wateja. Ndivyo alivyompata Célestine.

Vita vilipokuja wakakimbilia msituni, na huko wakazika watoto wawili. Waliporudi, Mampouya hakuweza tena rangi za kelele. Akahamia buluu, kisha kijivu. Kijivu kilimkaa vizuri, tuseme kweli, na wazee waliong'ang'ania njano aliwacheka bila huruma.

Kisha Célestine akaanza kusahau. Alianza na chumvi, akaishia kwa mume. Asubuhi akimkuta chumbani hujifunika kitenge hadi kidevuni.

"Mzee, kwa heshima yako, toka. Anatole akikukuta humu mtaumizana."

"Anatole ndiye mimi, Célestine."

"Wewe? Anatole havai kama karani wa mazishi."

Siku nzima hukaa barazani akimtazamia barabarani huyo Anatole wake. Mampouya hakutaka makubwa. Alitaka mkewe amwite kwa jina lake, walau mara moja, kabla hajapotea kabisa.

Jumapili moja akafungua sanduku, akalivaa koti la njano. Tumbo lilikataa vifungo. Akatokea mlango wa nyuma, akazunguka, akaja kwa njia ya barabarani kwa mwendo ule ule wa zamani, goti likimuuma, jasho likimtoka.

"Mzee Mampouya, sarakasi imekuacha njiani?" akauliza jirani yao Odette, aliyeketi nje na wenzake, na genge zima likaangua kicheko.

Macho ya Mampouya yalikuwa barazani, ambako Célestine alikuwa amesimama, uso umechangamka. Mampouya akaharakisha hatua. Akapanda ngazi. Célestine akaushika mkono wa koti, akaupapasa.

"Hili ni koti la Anatole."

"Ndiyo, mama. Ndilo."

Célestine akainua macho, akamtazama usoni. Uchangamfu wote ukamwisha.

"Umeliiba wapi, mzee? Livue."

"Célestine..."

"Livue, nimesema. Mwenyewe atalitafuta."

Mampouya akalivua mbele ya Odette na genge lake, ambao sasa hawakucheka. Célestine akakivisha koti hilo kiti kilichokuwa karibu naye, akalifunga vifungo kimoja kimoja, akalinyoosha mabega. Kisha akaketi, akaliegemea.

"Umechelewa, Anatole," akaliambia. "Nilishaanza kuogopa."

Mampouya alibaki amesimama na fulana ya ndani, mikono haijui pa kukaa. Célestine akamgeukia kwa upole, kama mtu anavyomgeukia mgeni asiye na pa kwenda.

"Mzee, ukiweza tupashie chakula. Mume wangu ametoka mbali."

Mampouya akaenda jikoni, akapasha kisamvu na samaki, akaleta sahani mbili, moja ya Célestine na moja ya koti.