Umeme wa Chumba Namba Kumi na Saba

Jumatano moja, saa tisa alasiri, fundi wa shirika la umeme aliegesha gari mbele ya nyumba ya zamani ya ghorofa tatu, akavaa glavu zake, akamsomea Karani, mpangaji wa ghorofa ya tatu, amri ya mahakama kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa. Amri ilisema mpangaji arejeshewe umeme kwa siku kumi na nne wakati shauri lake likisubiri kusikilizwa. Karani alitia sahihi kwenye karatasi, akatia na kwenye nakala, kisha akapanda ngazi mbio. Juu kabisa, ghorofa ya tatu, mama yake alikuwa akipumua kwa mtungi wa oksijeni ambao mshale wake ulikuwa umekwisha kuingia kwenye rangi nyekundu.

Umeme ulikuwa umekatwa miezi mitatu. Katika hati yake ya kiapo mwenye nyumba alieleza kwamba nyaya zimezeeka na kwamba anahofia usalama wa wapangaji. Wapangaji walimwelewa. Akufukuzaye hakwambii toka. Waliondoka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na godoro lake, hadi wakabaki wawili tu. Mmoja alikuwa Bwana Soli, fundi viatu wa chumba cha chini, ambaye nyundo na shazia yake ya kushonea ngozi havikuhitaji umeme. Mwingine alikuwa Karani, ambaye hakuwa na pa kumpeleka mama. Mashine ya oksijeni ilikaa kando ya kitanda imefunikwa kitambaa, na badala yake mitungi ilipandishwa ngazi begani, mmoja kila baada ya siku mbili, pale hospitali ilipokuwa nayo. Safari hii hospitali haikuwa nayo.

Karani alitunza masjala ya shule kwa miaka ishirini na sita, na hakuna jalada lililowahi kupotea mikononi mwake. Ombi la mahakama alilichapa mwenyewe. Fomu ilipouliza namba ya chumba, alifungua mkataba uliotiwa sahihi na marehemu baba yake, akanakili kama ulivyoandikwa: kumi na saba. Mlangoni paliandikwa nane. Alilijua hilo vyema. Alizaliwa namba kumi na saba, na alikuwa darasa la tano upande ule wa nyumba ulipobomolewa, familia ikahamishiwa namba nane kwa ahadi ya mkataba mpya ambao ulikuwa bado unakuja. Lakini mlango si hati, na Karani maisha yake yote aliamini karatasi kuliko mlango.

Saa kumi kasoro robo umeme ukawaka.

Haukuwaka namba nane. Uliwaka nje ya dirisha, hewani, hatua nne kutoka ukutani. Taa moja ilining'inia bila waya wala dari, na chini yake, kimo cha goti, palikuwa na soketi ya matundu matatu. Chini zaidi, ghorofa tatu kamili, palikuwa na uwanja wa magugu na vifusi.

Fundi alipanda kuhakikisha kazi yake. Alitazama dirishani, akatazama karatasi.

"Kumi na saba ndiyo ile," alisema.

"Sisi tunakaa nane, kaka."

"Nane sina amri nayo, dada. Nikiigusa nane, kesho niko nyumbani nalea watoto."

Akapitisha mguu juu ya kizingiti cha dirisha, akakanyaga taratibu kama mtu anayepima ngazi, akasimama nje chini ya taa. Akachomeka kipimo chake kwenye soketi, akaridhika.

"Umeme mzuri, hauyumbi. Ila msizidi mwanga. Mwanga unapoishia, na sakafu inaishia hapo." Akatoa parafujo mfukoni, akaidondosha nje ya duara la mwanga. Wote wawili walitega sikio, wakisubiri kuisikia. Ilichukua muda.

Karani alijaribu kwanza waya wa kurefushia, ili mama abaki kitandani pake. Waya ulipovuka kizingiti, umeme ulikatika, kwa kuwa amri ilisema chumba namba kumi na saba, si kwingineko. Akajaribu mara tatu. Mara ya tatu mama alikuwa anavuta pumzi fupifupi, na midomo yake imeanza kuwa na rangi ya majivu. Karani akamwita Bwana Soli.

"Mama, leo unahama bila kukodi gari la mizigo," alisema Bwana Soli alipokuwa akimwinua.

"Nahamia wapi?"

"Kumi na saba."

"Basi sihami," mama akasema kwa tabu. "Narudi."

Walimpitisha dirishani kwa shuka, kisha kitanda, kisha mashine. Bwana Soli alitembea wima, macho yakiwa juu. Karani alikwenda kwa magoti na viganja, na jasho lake lilidondokea sakafu asiyoiona, likatulia pale kama shanga. Mashine ikaanza kunguruma. Baada ya robo saa midomo ya mama ikarudi rangi yake, naye akaanza kutoa amri.

"Kitanda mmekiweka vibaya. Kichwa kiwe huku. Huko ni mlangoni."

Hapakuwa na mlango. Waligeuza kitanda.

Tangu siku ile Karani hakulala usingizi wa maana. Akirudi kutoka kazini alivuka kizingiti kwa magoti, akaketi katikati kabisa ya mwanga, akiwa ameshika mguu wa kitanda. Kijiko kilipomponyoka, alikiacha kibingirike. Mama hakujali. Yeye alikijua chumba. Aliegemea ukuta usiokuwapo, akasema kabati lilikuwa pale na beseni lilikuwa kule, na kwamba baba yake Karani alikuwa akinyolea ndevu kwenye kona ile yenye mwanga.

"Unatambaa kama mtoto wa miezi minane," alimwambia. "Simama, mwanangu. Baba yako alilipia sakafu hii."

Watu waliopita barabarani waliinua macho, wakaambiana kwamba wale wa juu hatimaye wamepata umeme, wakaendelea na safari zao.

Siku ya tisa wakili wa mwenye nyumba aliwasilisha ombi la kutaka amri ifutwe. Alasiri hiyo, Karani akimnywesha mama uji, sakafu ilibonyea chini ya kisigino chake kama godoro. Akabana pumzi. Ikabonyea tena. Halafu ikawa ngumu. Kesho yake alikwenda mahakamani kuuliza, akaambiwa kwamba ombi lilipokelewa, kisha likarudishwa kwa kukosa sahihi moja. Hapo akajua ni nini hasa kilichokuwa kimewabeba.

Aliinama kwenye dirisha la masjala ya mahakama, akamnong'oneza karani mwenzake, "Kuna kosa katika namba ya chumba. Kosa langu. Naweza kurekebisha?"

"Bila shida, dada. Unaleta ombi la marekebisho, amri ya zamani inafutwa, mpya inatoka ndani ya siku ishirini na moja."

"Na katika hizo siku ishirini na moja?"

"Katika hizo hakuna amri."

Walikuwa watu wa kazi moja na hawakuhitaji kuelezana zaidi.

Siku ya kumi na nne shauri lilipangwa kusikilizwa saa tisa alasiri. Amri ilikuwa inaisha saa kumi. Bwana Soli alifunga kazi yake mapema, akapanda kukaa na mama. Hakimu aliingia saa tisa na dakika ishirini na tano, akaomba radhi, akatafuta miwani yake. Mwenye nyumba, shati lake limepigwa pasi hadi likasimama, alimgeukia Karani kwa upole.

"Mama anaendeleaje, dada?"

"Anapumua," Karani akajibu.

Wakili akasimama. Alisema mteja wake si mtu wa ugomvi. Alikuwa radhi mpangaji awe na umeme wa kudumu, usiokatwa na mtu yeyote, katika chumba namba kumi na saba, ambacho ndicho chumba cha mkataba wake. Aliomba jambo moja dogo tu: mpangaji akiri kwamba chumba chake ni hicho, na kwamba hana dai lolote juu ya namba nane, alikoingia bila mkataba.

"Mlalamikaji, umesikia," hakimu alisema. "Unakubali?"

"Mheshimiwa, namba kumi na saba ilibomolewa nikiwa mtoto."

Hakimu akafungua jalada. "Kina umeme?"

"Kinao, Mheshimiwa."

"Kuna mtu anaishi humo?"

"Mama yangu."

"Basi kimebomolewaje?"

Simu ikatetemeka mkobani. Karani alisoma ujumbe akiwa ameificha simu chini ya meza. Bwana Soli alikuwa ameandika: *Kitanda kinazama. Kina cha vidole vinne sasa. Mashine nimeipakata.* Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika tisa.

"Naomba muda wa kufikiri, Mheshimiwa."

"Muda upo. Nafasi ya karibu ni tarehe kumi na nane mwezi ujao."

"Na amri?"

"Amri inaisha leo. Siwezi kuongeza muda wa kitu ambacho wahusika wanakaribia kuafikiana juu yake."

Mwenye nyumba alikuwa akitazama kucha zake. Simu ikatetemeka tena, na safari hii Karani hakuitazama. Aliwaza namba nane: mlango wake wenye komeo, ngazi zake, kuta nne ambazo mtu anaweza kuziegemea zikamzuia. Kisha akausikia kwa akili yake mngurumo wa ile mashine mapajani mwa fundi viatu.

"Nakubali," alisema.

Kulikuwa na dakika tatu bado. Karatasi zililetwa, zikatiwa sahihi, na muhuri ukagongwa. Karani alikimbia njia nzima. Alipofika, alimkuta mama amelala kwa amani na sakafu imekuwa ngumu kama jiwe. Mguu mmoja wa kitanda ulikuwa umegandia ndani yake, vidole vitano kwenda chini. Bwana Soli alikuwa bado ameketi, mguu mmoja peku.

"Kiatu kimebaki humo," alisema. Akaitua mashine kando ya kitanda. "Si neno. Nitashona kingine."

Asubuhi iliyofuata alikuja mwashi na matofali, mchanga na ndoo ya maji. Alikuwa mtu wa adabu. Alimwamkia mama kupitia dirishani, akaitikiwa. Akaeleza kwamba ametumwa kuziba dirisha la namba nane, kwa kuwa chumba kiko wazi na hakifai kuwa na tundu linalotazama ndani kwa watu wengine. Alikoroga udongo wake pale sakafuni, akang'oa fremu, akaanza kupanga.

Alipofikisha mistari mitatu akasita, mwiko mkononi. Karani alikuwa amesimama nyuma yake, chumbani namba nane, ameshika mkoba.

"Dada, samahani. Unabaki upande gani?"

Karani aligeuka akautazama mlango. Ulikuwa wazi, na ngazi zilionekana zikishuka, na shuleni kengele ya kwanza ilikuwa karibu kulia. Ng'ambo ya matofali mashine ilinguruma. Kichujio chake kilitaka kuoshwa kila wiki, na mama hakuweza kukifikia.

Bwana Soli alikuwa ameegemea mlango, kiatu kimoja kipya, kimoja cha zamani. "Wewe teremsha kamba tu," alisema. "Mkate nitaufunga mimi. Maji pia. Tutaona."

Karani aliandika barua fupi kwa mwalimu mkuu, akaeleza kwa utaratibu majalada yapo kabati lipi, akampa Bwana Soli aipeleke. Akapitisha mkoba, blanketi, sufuria mbili. Kisha akainua mguu juu ya matofali, kwa uangalifu asije akavuruga udongo mbichi. Mwashi alimsubiri, akamshukuru, akaomba ufunguo wa namba nane. Karani akampa kupitia upenyo uliobaki. Baada ya hapo upenyo ukawa tofali moja, kisha nusu tofali, kisha sauti ya mwiko tu, ikilainisha upande wa pili.

Mama akafumbua macho.

"Afadhali wameziba," alisema. "Upepo ulikuwa unaniingia shingoni."

"Ndiyo, mama," Karani akajibu, akavuta miguu yake ndani ya mwanga.